Pete ya Bwana wa Kuingia

Inspekta Wadie Tadros alirejea Lango la Walinzi baada ya sala ya adhuhuri, saa ambayo waliofunga hawana nguvu hata za kugombana, na mafundi wa Kairo ya kale hulala juu ya meza zao za kazi kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi. Hakuja kutafuta alama za vidole. Kazi hiyo ilikwisha kufanywa na vijana wa maabara, nao waliondoka na alama za nusu ya mtaa, maana hakuna mkazi wa pale asiyeligusa lango lile. Alikuja kwa sababu alibakiwa na muda mpaka magharibi tu. Kabla ya mzinga wa futari kulia, gari la polisi lingempeleka Ami Bakhit kwa mwendesha mashtaka, na mtu akishavuka kizingiti kile kwa shtaka la kuiba mali ya kale ya dola, hatoki kesho wala mwezi ujao.

Ami Bakhit alikuwa mlinzi wa lango, mzee wa Aswani mwenye sauti nene na magoti mabovu, aliyeishi katika chumba kidogo ndani ya mnara wa lango lenyewe. Akipoteza kazi, amepoteza na paa. Ushahidi uliomfunga ulikuwa mfupi na, kwa macho ya Kanali Ihsan, mkamilifu. Pete kubwa ya shaba iliyoning'inia kwenye ubawa wa kulia wa lango ilikuwa imetoweka juzi wakati wa futari. Lango lilikuwa limezungushiwa turubai la ukarabati, na mlango wa turubai ulikuwa na kufuli ambayo haikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mzee. Tena, wiki iyo hiyo, Mhandisi Nermin, msimamizi wa ukarabati, alipotangaza kwamba pete itapelekwa makumbusho na vitambaa vya nadhiri vilivyofungwa juu yake vitaondolewa, Ami Bakhit alisimama mbele ya watu akasema kwamba pete ile haitatoka pale yeye akiwa hai.

Kanali aliyasoma maneno hayo kuwa ni kitisho. Inspekta Wadie aliyasikia kuwa ni ahadi, na mtu aliyeahidi kulinda kitu hakiondoi yeye mwenyewe. Lakini hilo halikuwa ushahidi, naye hakuwahi kupeleka mezani kwa mkubwa wake jambo lisilo ushahidi.

"Afande," alisema Sajini Zaghlul, aliyekuwa mnene na mwenye kiu, "wewe ni Mkopti, Mkristo usiyefunga Ramadhani. Nenda pale kwa muuza juisi ukanywe kwa niaba yetu. Sisi tutakutazama tu, na thawabu tutagawana."

Tangu aanze kazi katika mtaa ule Inspekta hakuwahi kutia tone la maji kinywani mchana wa Ramadhani akiwa kazini, na hakuwahi kumweleza mtu sababu. Aliona si haki kumhoji mwenye kiu huku midomo yako imelowa. Zaghlul alilijua hilo vizuri. Alikuwa anamchokoza tu.

Inspekta alilizunguka turubai polepole, mikono nyuma. Lilikuwa limeshonewa matundu pembeni, na kamba imepitishwa kwenye matundu hayo ili kulibana kwenye nguzo za jukwaa la mafundi. Kila kona ilikuwa na fundo lake, na kila fundo lilikuwa upande wa ndani, mahali ambapo mpita njia hawezi kulifikia. Kila kona, isipokuwa ile iliyokaribiana na ukuta wa mnara. Pale fundo lilikuwa nje.

Alimwita Mhandisi Nermin, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya plastiki na vumbi hadi kwenye kope, akamwuliza kama mafundi wake huwa wazembe wa kufunga kamba. Mhandisi alijibu kwa kuudhika kwamba yeye mwenyewe huzikagua kona zote kila jioni. Juzi alizikagua, akazikuta sawa, kisha akasimama mpaka Ami Bakhit alipotia kufuli mbele yake, wakaondoka pamoja. Mzee akaelekea kwenye meza ya futari ya sadaka mwisho wa mtaa, na yeye akaenda kwenye gari lake.

"Uliangalia na juu ya jukwaa?" Inspekta aliuliza.

Mhandisi aliinua macho kwenye mbao za jukwaa. Kisha akasema, "Juu sikuangalia."

Basi kufuli haikuwa na neno la kusema. Mtu alibaki juu ya mbao za jukwaa, akafungiwa ndani pamoja na lango, akafanya lililomweka, akafungua kona ya ukutani kutoka ndani, akatoka. Kamba akaifunga tena kwa namna pekee iliyowezekana kwa mtu aliyekwisha kuwa nje. Watu wote walikuwa mbele ya sahani zao. Hata paka wa mtaa walikuwa na miadi.

Inspekta alimpigia simu Kanali Ihsan na kumweleza. Kanali alisikiliza hadi mwisho, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Akasema kwamba kona ya turubai inathibitisha tu kuwa mzee alikuwa na mwenzake wa ndani. Ami Bakhit alifunga kufuli akijua ni nani aliyeko juu.

"Wadie, niletee pete," alimalizia, "au uniache nifuturu."

Pete, basi. Inspekta aliingia ndani ya turubai na kusimama mbele ya mbawa mbili za lango. Ubawa wa kushoto ulikuwa na pete yake mahali pake, pana kama sinia, imetiwa nakshi ya fedha iliyong'aa hata katika kivuli, na vitambaa vinaning'inia kwake kama nguo za kitoto kwenye kamba. Ubawa wa kulia ulikuwa na kishikizo kitupu. Pini iliyoshika pete ilikuwa imegongwa ikatoka bila kuchubua shaba hata kidogo, kisha ikarudishwa mahali pake. Na juu ya pini ile fupi, vimebanana kama watu kwenye kidirisha cha mkate, vilifungwa vitambaa vyote vya upande wa kulia.

Juzi kila mtu aliviona, na hakuna aliyevitazama. Inspekta alikishika kimoja. Hakikukatwa. Kilikuwa na mikunjo ya fundo la zamani na, kando yake, fundo jipya. Alishika cha pili, cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo. Mwizi alikuwa na muda wa futari tu mtaa ukiwa mtupu, na sehemu kubwa ya muda huo aliitumia kufungua mafundo ya wanawake kwa kucha zake, moja baada ya jingine, na kuyafunga upya.

"Mwizi gani huyo," Zaghlul alinong'ona, "anayefanya usafi kabla ya kuondoka?"

* * *

Duka la Haji Shawki Dabbour lilikuwa nyuma ya soko la wafua shaba, limejaa vitu vya kale ambavyo nusu yake vilizaliwa mwaka jana. Haji aliwahi kuliomba shirika la ukarabati limwuzie pete zote mbili, akakataliwa, akaapa kwamba nchi hii haijui thamani ya kitu. Katika jalada la Kanali jina lake lilikuwa la pili baada ya la Ami Bakhit, kama mnunuzi anayetarajiwa.

Aliwapokea kwa ukarimu wa mtu asiye na chai ya kutoa, akaomba radhi kwa Ramadhani. Hakujificha. Alikiri kwamba aliitaka pete, angali anaitaka, na kwamba mtu akimletea hatauliza maswali mengi, ila ataapa mahakamani kuwa aliuliza. Zaghlul alianza kumkaripia. Inspekta alimnyamazisha kwa kidole.

"Tuseme wewe ndiye uliyemtuma mtu," alisema. "Ungemwambia alete nini?"

Haji alicheka kidogo. "Mtego huo, afande."

"Ni swali. Wewe ni mjuzi wa kazi hii, mimi sivyo."

Hilo lilimlegeza. Haji Shawki alitulia, akapapasa ndevu zake, na alipojibu alijibu kama fundi. Kwanza, mtu wake asingegusa pete ya kulia wakati ya kushoto ipo. Ya kushoto ina fedha, ya kulia ni shaba kavu. Mtoto wa mjini anajua tofauti hiyo kwa mguso.

"Na la pili, ningemwambia asithubutu kuvua vile vitambaa. Pete tupu ni chuma chakavu, afande. Pete yenye nadhiri za wanawake juu yake, zimechakaa, zina jasho la miaka, hiyo mzungu atailaza kwenye kabati la kioo na kuisimulia wageni wake mpaka afe. Huyo wako aliacha mali akachukua ganda."

Inspekta alisimama, akamshukuru, akamwambia jina lake litatoka kwenye jalada kwa mambo ya juzi, ila si kwa mambo mengine. Haji alisema hilo ni haki.

Nje, Zaghlul alikiri kwamba kichwa kinamuuma, na haelewi ni njaa au ni kesi. Inspekta alimweleza huku wakitembea. Mwizi hakuchukua chenye thamani, ingawa kilikuwa hatua mbili kutoka mkononi mwake. Hakuchukua chenye soko, ingawa kilikuwa kimefungwa juu ya kile alichochukua. Basi hakuiba ili auze. Na alipokuwa na vitambaa mkononi, angeweza kuvifunga kwa urahisi kwenye pete ya kushoto, iliyokuwa pana na wazi. Badala yake alihangaika kuvibananisha kwenye pini ya kidole kimoja. Kwa nini?

"Lo, afande," Zaghlul alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Huwezi. Ukivihamishia kushoto umewaua watu."

* * *

Maelezo yaliyobaki yalitoka kwa Hajjat Insaf, muuza achari wa chini ya lango, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuuzia na sauti ya kusengenyea, na zote mbili zilisikika mbali. Alikuwa akipanga mabeseni yake ya figili na limau kwa ajili ya wanunuzi wa kabla ya magharibi. Alimwita Inspekta mwanangu, ingawa hawakupishana sana umri, na akamwambia mtaa mzima unajua pete haikuibwa. Bwana wa Kuingia amekasirika, kachukua kilicho chake, kaondoka.

Kisa chenyewe alikisimulia bila kuacha kupanga figili. Ndugu wawili walikuwa mabawabu wa lango siku jeshi lilipokuja. Mmoja akaegemea ubawa wa kulia, mwingine wa kushoto, wakalishikilia lango kwa migongo yao mpaka wakafa wamesimama, na lango halikufunguka. Wakazikwa palepale, kila mmoja chini ya ubawa wake. Tangu siku hiyo wa kulia ndiye anayeruhusu vitu kuingia, na wa kushoto ndiye anayevitoa. Unataka mume, mtoto, msafiri wako arudi, unachana kitambaa cha nguo yako mwenyewe na kukifunga kulia. Unataka homa ikuache, kesi iishe, unafunga kushoto.

"Na mama mkwe?" Zaghlul aliuliza.

"Kushoto, kipenzi changu. Mkeo wewe alishamfungia mama yako, tena kwa fundo la baharia."

Inspekta alisubiri kicheko cha majirani kipite. Kisha akamwomba Hajjat Insaf jambo moja: awaite wanawake wote anaowajua kuwa wamefunga nadhiri upande wa kulia, waje sasa hivi, kila mmoja aonyeshe kitambaa chake. Hajjat alimtazama kwa jicho la upande. Mambo ya nadhiri, alisema, si ya kumwonyesha polisi.

"Ami Bakhit ataondoka magharibi," Inspekta alisema. "Akiondoka, sitaweza kumrudisha."

Mama yule alijifuta mikono, akatoa sauti yake ya kuuzia.

Wanawake walikuja, wengine na watoto ubavuni, wengine na unga mikononi, wengi wakijifunika nusu uso kwa haya. Inspekta aliwaweka mafundi nje na yeye mwenyewe akasimama nyuma ya ubao ili asisikie wanachokiombea. Zaghlul aliambiwa ageuke. Wanawake waliingia mmoja mmoja ndani ya turubai, na kila mmoja alikishika cha kwake bila kusita, kwa maana hakuna mwanamke asiyejua upindo wa nguo yake. Mmoja alilia alipokikuta kingalipo. Mwingine alisema alichelewa, mume wake alisharudi kutoka Kuwaiti tangu mwaka juzi na amekwisha kumchosha. Aliulizwa kwa nini basi hajakifungua. Akajibu anafikiria kukihamishia upande wa pili.

Walipomaliza, Hajjat Insaf aliingia akaangalia vilivyobaki bila mwenyewe. Alivijua: cha marehemu fulani, cha aliyehamia Tanta, cha mchumba aliyeolewa. Kisha akavipitia tena kwa kidole, akainama kutazama chini.

"Kuna kimoja hakipo," alisema kwa sauti ambayo Inspekta hakuwahi kuisikia kwake, ndogo na makini. "Cha waridi, cha hariri. Kilichanwa kwenye nguo ya harusi. Nilimshikia ngazi mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kukifunga chini pamoja na wengine."

"Cha nani?"

Hapo Hajjat Insaf alielewa alikuwa ameulizwa nini tangu mwanzo. Alitazama mabeseni yake nje, akatazama mlango wa mnara uliofungwa kwa utepe wa polisi, kwenye chumba cha Ami Bakhit.

"Nitakwenda nawe," alisema hatimaye. "Hamtaingia kwa mwanamke mjamzito kwa viatu vyenu hivyo."

Njiani alisema jina. Wisal, mke wa Karam; tangu juzi Karam hamruhusu jirani hata mmoja kupanda ngazi kumwona. Zaghlul alilijua jina la Karam, kwa sababu lilikuwa katika maelezo yaliyoandikwa jana: fundi wa kung'arisha shaba katika kikosi cha ukarabati, mtu wa kwanza kuhojiwa na wa kwanza kuruhusiwa. Alisema aliondoka na wenzake kabla ya adhana na kufuturu nyumbani. Wenzake walisema waliondoka naye. Wote waliamini hivyo kweli, maana kila mmoja alikuwa mbioni.

* * *

Karam na Wisal waliishi orofani, juu ya ghala la seremala, vyumba viwili vinavyonuka vanishi na, alasiri ile, mlenda na kitunguu saumu. Karam alikuwa jikoni mwenyewe, amejifunga kanga ya mkewe kiunoni, anakoroga sufuria. Alikuwa kijana mwenye mikono mizuri, vidole virefu vilivyosuguliwa na dawa ya shaba mpaka vikawa vya rangi moja na kazi yake. Alipomwona Inspekta nyuma ya Hajjat Insaf alipunguza moto kabla ya kufanya lolote jingine.

Hajjat alipita moja kwa moja chumba cha ndani. Mlango ulibaki wazi kidogo, na pazia likateremshwa. Karam aliomba radhi kwa kanga yake ya upishi. Mkewe, alisema, amekatazwa kuinuka. Mkunga amesema alale ubavu mmoja mpaka siku itimie, na siku imekaribia.

Inspekta alibaki amesimama.

"Mkeo alifunga kitambaa langoni," alisema.

"Kama wengine."

"Cha waridi. Kiko wapi?"

"Langoni, afande. Na vya wenzake."

"Vya wenzake nimevikuta. Wenyewe wamekuja wakavishika. Mtu aliyechukua pete alivifungua vyote kwa vidole, kwa adabu, akavirudisha upande uleule. Cha mkeo peke yake hakikurudi. Nataka unieleze kilimshinda nini. Hariri ni laini. Ingekuwa rahisi kuifungua kuliko pamba."

"Si suala la urahisi," Karam alisema haraka, kama mtu anayemsahihisha mgeni wa mji. "Cha mimba hakifunguliwi mpaka mtoto aje. Ukikifungua kabla—"

Sufuria ilikuwa ikichemka polepole nyuma yake. Zaghlul, aliyekuwa mlangoni, alivua kofia yake bila kuambiwa.

"Endelea," Inspekta alisema.

"Ukikifungua kabla, inatoka." Karam aliketi juu ya gunia la mchele. "Tatu zimetoka, afande. Hatukuwahi kufunga. Mimi nilisema ni ushirikina, mimi, mwenye cheti cha ufundi. Mara hii alifunga, na mara hii imekaa. Halafu wiki ile yule mama na kofia yake akasema vitambaa vitaondolewa na mkasi, pete ipelekwe makumbusho, nyuma ya kioo, nyuma ya mlinzi, mtu asiweze hata kuigusa. Na siku zake bado. Ningefanya nini? Nilisema niichukue, nimlazie chini ya mto, mtoto azaliwe, niirudishe. Niliitaka siku chache tu."

"Uliirudisha pini."

"Si kazi ya mtu kuacha pini nje."

Inspekta alikubali hilo kwa kuinamisha kichwa, kisha akauliza alilojia.

"Ulisikia kwamba Ami Bakhit amekamatwa?"

Karam alitazama kwenye pazia, na Inspekta akaelewa kwa nini majirani hawakuruhusiwa kupanda ngazi tangu juzi.

"Amekamatwa nani?" ilisema sauti ya ndani.

Hajjat Insaf alianza kumtuliza. Sauti ilirudia swali, na safari hii haikuwa inamwuliza Hajjat. Karam alimsihi Inspekta kwa macho tu. Inspekta Wadie Tadros alikuwa mtu asiyependa kuwatia watu uchungu, lakini alipenda zaidi kujibu anapoulizwa. Alisogea karibu na pazia, akageuza uso upande wa ukuta kwa heshima, akaeleza kwa maneno machache: nani yuko kizuizini, kwa kosa gani, na gari litaondoka wakati gani.

"Karam aliniambia Mhandisi katuruhusu," Wisal alisema.

Kitanda kililia. Hajjat Insaf alisema asiinuke, kisha akasema basi ngoja nikushike, na pazia likavutwa.

Wisal alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, tumbo mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine, uso umevimba kidogo. Pete alikuwa ameiweka mapajani. Ilikuwa nzito, nyeusi, ya kawaida kabisa, isipokuwa kwa ule upindo wa waridi uliofungwa juu yake.

"Pete ni yenu," alimwambia Inspekta. "Kitambaa ni changu. Hakiendi polisi."

Alianza kukifungua.

"Wisal, acha," Karam alisema. "Wisal, tafadhali. Tatu zimetoka."

"Najua ni ngapi. Zilitoka kwangu, hazikutoka kwako." Vidole vyake vilikuwa vimevimba, na fundo lilikuwa limekaza kwa miezi ya vumbi na umande. "Huyu akiingia kwa mgongo wa yule mzee, nitamwangaliaje?"

Zaghlul alitoa kisu kidogo mfukoni, kwa nia njema. Inspekta aliuzuia mkono wake.

"Weka. Tutangoja."

Akangoja. Akiwa amesimama palepale alimpigia Kanali Ihsan, akamwambia pete anayo mbele ya macho yake, aliyeichukua anaye, naye amekiri mbele ya mashahidi wawili. Bakhit hana hatia. Asipandishwe garini. Kanali aliuliza kama ana uhakika. Inspekta alisema kwamba hana mazoea ya kupiga simu bila uhakika, na kimya kilichofuata upande wa pili kilikuwa cha mtu anayemwashiria mwenzake afungue mlango wa mahabusu.

Wisal aliinamisha uso akalishika fundo kwa meno. Likalegea. Alikinyoosha kitambaa gotini, akakikunja, akakitia kifuani mwake, kisha akaisogeza pete kwa mikono yote miwili mpaka Hajjat Insaf alipoipokea na kumpa Inspekta. Wote walikuwa wakilitazama tumbo lake, hata Zaghlul, na halikufanya lolote ila kupanda na kushuka kwa pumzi.

Karam alikwisha kuzima jiko na kupakua mlenda, akavua kanga kiunoni na kuitundika msumarini. Alinyoosha viganja. Inspekta alimwambia pingu ni za mtu anayekimbia, atangulie ngazi. Akamwambia pia, kwa sauti iyo hiyo, kwamba kosa ni kosa, kwamba atayaandika yote aliyoyaona bila kupunguza, na kwamba katika yote hayo yamo mafundo yaliyorudishwa na pini iliyorudishwa, nayo yataandikwa vilevile.

Walikuwa wamefika mlangoni Wisal alipomwita.

"Afande. Ami Bakhit wamempa chochote cha kufuturia?"

"Kituoni hawajui saa hii yuko nje au ndani," Inspekta alisema. "Sidhani."

Wisal alitazama jikoni, ambako mlenda ulikuwa umepakuliwa katika sahani mbili, moja kubwa na moja ndogo, na mkate umefunikwa kwa kitambaa safi.

"Mleteni hapa," alisema. "Sahani ya Karam imeshapakuliwa."

Karam alisimama kwenye ngazi ya kwanza, mgongo wake kwao, wala hakugeuka.

"Ataletwa," alisema Inspekta, akamtuma Zaghlul atangulie mbio.